Vakyumu imezima: uende kwa fundi au dukani?

Na Mwandishi Wetu, Songea

Jumamosi asubuhi, magari matatu yamepanga foleni mahali pa kuoshea magari, Majengo mjini Songea. Povu limekwisha suuzwa, matairi yameng'aa, na kazi iliyobaki ni ya ndani: viti vyenye vumbi na sakafu iliyoganda udongo mwekundu wa barabara za vijijini.

Hapo ndipo kazi inasimama. Mashine ya kufyonza vumbi, ambayo kila mtu hapa huiita vakyumu, inanguruma kidogo, inatoa harufu ya kuungua, kisha inanyamaza. Kijana anabonyeza swichi tena na tena. Kimya.

Mwenye biashara ana njia mbili. Aipeleke kwa fundi na kungoja, huku wateja wakihamia kwa jirani, au aende dukani atoke na nyingine ndani ya boksi. Uamuzi huohuo unawakabili wenye hoteli na nyumba za wageni, wahudumu wa ofisi, na wanaotunza mazulia ya misikiti na makanisa. Nyumbani unakuja kwa sura ya blenda, feni, pasi au jiko la kupikia wali.

Wengi huamua kwa bei ya dukani na kwa hasira ya siku hiyo. Makala haya yanasema kuna swali linalotangulia bei: ndani ya ile mashine, kilichokufa ni nini hasa?

Ilizaliwa mikononi mwa fundi

Mashine ya kwanza ya kufyonza vumbi kwa mota ilibuniwa na Mwingereza Hubert Cecil Booth mwaka 1901. Ilikuwa kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Iliyoingia majumbani ilitokana na kazi ya James Murray Spangler, msafishaji wa duka huko Canton, Ohio, nchini Marekani, aliyesumbuliwa na pumu kwa sababu ya vumbi la kazini. Aliunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Mwaka 1908 akapata hataza, kisha akaiuza kwa familia ya Hoover.

Zaidi ya karne imepita na kanuni haijabadilika. Ndani kuna mota, feni inayovuta hewa, chujio, mfuko au ndoo ya vumbi, mpira wa kuvutia, swichi na waya. Ni vitu ambavyo fundi wa vifaa vya umeme anavifahamu, maana mota ya aina hiyo ndiyo iliyomo pia kwenye blenda na kwenye drili.

Mota hiyo hupokea umeme kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosuguana na amecha, sehemu ya ndani ya mota inayozunguka. Kaboni zimekusudiwa kulika. Zikiisha, mashine husimama hata kama sehemu nyingine zote ni nzima. Mashine nyingi zinazoitwa mfu zimeishiwa kaboni tu, au waya wake umekatika ndani karibu na plagi, mahali unapokunjwa kila siku.

> Kabla ya kuuliza bei ya mpya, uliza: kilichokufa ndani ni nini?

Vumbi, maji na umeme

Songea ina maadui watatu wa mashine hii. Wa kwanza ni lile vumbi lenyewe. Katika mashine nyingi za nyumbani, hewa inayovutwa kutoka sakafuni ndiyo hiyohiyo inayoipoza mota. Mfuko ukijaa au chujio likiziba, hewa hupungua na mota hupata joto. Zenye swichi ya usalama hujizima zenyewe. Ukiiacha ipoe kwa nusu saa hivi na kulisafisha chujio, inaamka. Mtu asiyejua hilo huiuza kwa bei ya chuma chakavu siku hiyohiyo.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Novemba, chujio linahitaji kukung'utwa mara nyingi zaidi kuliko kitabu cha maelekezo kinavyosema. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya gari lililotoka vijiji vya Namtumbo au Mbinga kwa barabara ya vumbi.

Adui wa pili ni maji. Mashine kavu inapovuta maji, yanapita moja kwa moja kwenye mota. Mashine za kazi ya maji na vumbi zimeundwa tofauti: mota yake hupozwa na hewa ya njia nyingine, isiyochanganyika na ile inayotoka kwenye uchafu. Anayeosha magari kwa mashine kavu ya sebuleni ameianza safari ya kwenda kwa fundi siku aliyoinunua.

Adui wa tatu ni umeme usiotulia. Kwa miaka mingi Songea iliishi kwa majenereta ya dizeli. Mwaka 2015 mji ulipata nguvu kutoka mitambo ya Tulila kwenye Mto Ruvuma, yenye megawati 5, mradi wa masista Wabenediktini wa Chipole. Kisha njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ikaiunganisha Songea na Gridi ya Taifa mwaka 2018.

Umeme wa uhakika zaidi uliwapa watu sababu ya kununua vifaa vingi zaidi. Lakini mvua na miti inayoangukia nyaya bado hukata umeme, na unaporudi huweza kuja kwa kishindo. Kuchomoa plagi umeme unapokatika ni kinga isiyogharimu kitu. Vilevile, mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia volti 120. Ikichomekwa kwenye volti 230 za hapa bila transfoma, huungua papo hapo.

Hoja ya dukani

Wanaosema nunua mpya hawakosi hoja. Ya kwanza ni muda. Kwa mwoshaji magari, siku moja bila mashine ni fedha iliyopotea, na spea isiyopatikana Songea huagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Hulipwa kwa simu, ikapakiwa kwenye basi kama kifurushi, na mwenye mashine akaanza kungoja.

Ya pili ni dhamana. Mashine mpya yenye risiti na waranti inampa mnunuzi mtu wa kumrudia ikiharibika mapema. Kwa fundi wa mtaani, dhamana mara nyingi ni neno la mdomo.

Ya tatu ni umeme unaoliwa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 kwa mashine za kufyonza vumbi kuanzia Septemba 2014, kisha ukakishusha hadi wati 900 kuanzia Septemba 2017. Watengenezaji walilazimika kubuni feni na njia za hewa zilizo bora zaidi. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zinaeleza umeme unaoliwa. Nguvu ya kuvuta ni jambo jingine, na wengi huvichanganya viwili hivyo.

Tupige hesabu. Mashine ya wati 2,000 ikifanya kazi saa tatu kwa siku hula uniti 6. Ya wati 900 hula uniti 2.7. Tofauti ni uniti 3.3. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ambayo Shirika la Umeme (TANESCO) limekuwa likiwatoza wateja wa matumizi ya kawaida, hizo ni karibu shilingi 964 kwa siku, na zaidi ya shilingi 25,000 kwa siku 26 za kazi. Kwa mwaka ni kama laki tatu. Mwenye biashara hawezi kuipuuza fedha hiyo.

Nyumbani mambo ni tofauti. Anayeitumia nusu saa kwa wiki huokoa uniti zisizofika 29 kwa mwaka mzima, yaani kama shilingi 8,300 kwa bei hiyohiyo. Kwake gharama ya umeme si sababu ya kutupa mashine iliyo nzima.

Hoja ya fundi

Upande wa pili umesimama juu ya jambo moja: Songea, mikono yenye ujuzi ni rahisi kuipata kuliko kifaa kipya. Ulaya na Marekani saa moja ya fundi inaweza kuzidi bei ya mashine, ndiyo maana watu huko hutupa. Hapa ufundi ni sehemu ndogo ya gharama, na kinachopandisha bei ni spea.

Ujuzi huo una historia katika mkoa huu. Wamisionari Wabenediktini walianzisha Peramiho mwaka 1898, na karakana zake zilifundisha useremala, uhunzi na uchapaji kwa vizazi. Leo Songea ina chuo cha ufundi stadi cha VETA na ofisi ya SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kuendeleza viwanda vidogo. Kuna pia mafundi waliojifunza kwa kukaa na fundi mkubwa, wakifungua na kufunga hadi mkono ukazoea.

Fundi mzuri haanzi na bisibisi. Huanza na maswali. Ilizima ghafla au ilianza kwa kupunguza nguvu? Ilipiga kelele? Ilitoa cheche au moshi? Ilivuta maji? Majibu hayo humwonyesha pa kuanzia kabla hajafungua skrubu ya kwanza.

Kelele kali ya kusaga huashiria beringi. Cheche nyingi na harufu huashiria kaboni zilizolika au amecha iliyochafuka. Kuzima na kuwaka ukitikisa waya ni waya uliokatika. Moshi mzito na harufu ya vanishi iliyoungua ni koili, na hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu, kwa sababu kusuka mota upya ni kazi ya siku nzima. Mota hii hukimbia mizunguko makumi ya elfu kwa dakika, na amecha isiyosawazishwa vizuri hutetemeka hadi kuua beringi mpya.

Saa 500

Kanuni zilezile za Ulaya zilizopunguza wati ziliweka sharti jingine lisilojulikana sana: mota iweze kufanya kazi angalau saa 500, na mpira wa kuvutia ustahimili kukunjwa mara 40,000. Namba hiyo ya saa 500 inafaa kukaririwa na kila mwenye mashine Songea.

Nyumbani, kwa nusu saa kwa wiki, matumizi ni saa 26 kwa mwaka. Saa 500 zinatosha miaka 19. Mahali pa kuoshea magari, kwa saa tatu kila siku kwa siku sita, ni saa 18 kwa wiki. Saa 500 zinakwisha kabla ya miezi saba.

> Mashine ileile inaweza kuishi miaka 19 sebuleni, na isifikishe miezi saba mahali pa kuoshea magari.

Ndiyo maana ushauri mmoja hauwezi kuwafaa wote. Kanuni inayotajwa sana duniani ni ya nusu bei: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mpya, nunua mpya. Ni mwanzo mzuri, lakini haijui mashine itafanya kazi kiasi gani baada ya hapo.

Hesabu inayofaa zaidi ni ya mwezi. Gawanya gharama kwa miezi ya kazi unayoitarajia. Tuchukue mfano: mashine mpya ni shilingi 250,000, na kubadilisha kaboni pamoja na ufundi ni shilingi 30,000. Kwa mwoshaji magari, mpya ya miezi saba inamgharimu karibu shilingi 36,000 kwa mwezi. Kaboni zikimpa miezi sita, analipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Hapo fundi ameshinda kwa mbali.

Lakini kama mota inasukwa upya kwa shilingi 120,000 na haitarajiwi kuvuka miezi mitatu, hiyo ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Hapo duka limeshinda, na fundi mwaminifu atamwambia mteja hivyo.

Mashine isiyofunguka

Hesabu hiyo inawezekana tu kama mashine inafunguka. Zipo zinazofungwa kwa gundi badala ya skrubu, au kwa skrubu zenye kichwa kisichoingia bisibisi ya kawaida. Zipo ambazo kaboni zake haziuzwi peke yake, sharti ununue mota nzima. Waswahili walikwisha sema: rahisi ni ghali. Boksi la bei ya chini lenye mota isiyofunguka hukuuzia uamuzi ambao mtengenezaji aliufanya kwa niaba yako.

Dunia iliwahi kuyaona haya. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva wakaunda umoja ulioitwa Phoebus, wakakubaliana balbu zisidumu zaidi ya saa 1,000, ingawa walikuwa na uwezo wa kutengeneza zilizodumu zaidi. Mnunuzi hakuambiwa.

Leo baadhi ya serikali zimeanza kumrudishia mnunuzi haki ya kujua na ya kutengeneza. Ufaransa ilianza mwaka 2021 kuwalazimisha wauzaji waonyeshe alama, kati ya 0 na 10, inayoeleza kifaa kinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Mashine za kufyonza vumbi ziliongezwa kwenye orodha hiyo mwaka 2022. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, inayowataka watengenezaji wa vifaa kadhaa, mashine hizi zikiwemo, wavitengeneze hata baada ya waranti kuisha.

Nchini Tanzania, Shirika la Viwango (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, hukagua ubora na usalama wa bidhaa, na tangu mwaka 2012 limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa. Utaratibu huo unamkinga mnunuzi dhidi ya kifaa cha hatari. Haumwambii kama kaboni zake zitapatikana mwakani.

Inakokwenda ikitupwa

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022. Zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3 tu. Afrika haikufikia asilimia moja.

Mashine iliyokufa Songea ina shaba kwenye koili na waya, ina chuma, na ina plastiki nyingi. Wanunuzi wa chuma chakavu huitaka shaba. Njia ya haraka ya kuipata ni kuchoma waya, na ganda la waya likichomwa hutoa moshi wenye sumu kama dayoksini, unaovutwa na anayechoma, wanawe na jirani zake. Plastiki inayobaki haina mnunuzi. Inaishia kwenye korongo, na mvua za Desemba zikianza, huteremka na maji.

Sheria zipo. Tanzania ilitunga kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2021. Kuanzia Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za aina hiyo zisivushwe mipaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali. Hiyo ni ngao dhidi ya makontena ya vifaa vibovu vinavyoingizwa kwa jina la mitumba. Lakini kanuni ya kitaifa huwa na maana Songea pale tu mwananchi anapokuwa na mahali pa kuipeleka mashine yake iliyokufa, karibu na anapoishi.

> Gharama ya kutupa haiandikwi kwenye boksi. Inalipwa na anayechoma waya na anayeishi chini ya korongo.

Namna ya kuamua

Kabla ya kutoa fedha popote, fuata mpangilio huu.

Kwanza, jaribu soketi kwa kuchomeka kifaa kingine, kisha angalia fyuzi ndani ya plagi. Pili, chomoa mashine, iache ipoe, safisha chujio, mwaga vumbi na uchungulie mpira kama haujaziba. Tatu, ikiwa bado imenyamaza, mpelekee fundi na umweleze kwa ukweli ilivyozima, hata kama ilivuta maji. Nne, omba uambiwe tatizo na bei kabla ya kazi kuanza, na urudishiwe spea iliyotolewa.

Tano, fanya hesabu ya mwezi. Tengeneza kama tatizo ni waya, swichi, kaboni, mpira au beringi. Fikiri mara mbili kama ni koili. Nunua mpya kama mota imeungua na spea yake haipo, kama bodi imepasuka hadi nyaya zinaonekana, au kama unafanya biashara kwa mashine ya nyumbani. Katika hali hiyo ya mwisho, nunua ya kazi ya maji na vumbi, na iliyokufa mwachie fundi aivune spea.

Kazi iliyo mbele

Mwenye kifaa hawezi kuubeba mzigo huu peke yake. Manispaa ya Songea inaweza kutenga sehemu moja katika masoko yake ya kukusanyia vifaa vilivyokufa, mafundi wavune kilicho kizima na mabaki yakabidhiwe kampuni zenye kibali. VETA na SIDO zinaweza kuwakutanisha mafundi wa mitaani, kuwapima, kuwapa vyeti, na kuwafundisha kuandika dhamana ya kazi yao. Cheti na karatasi ya dhamana vitaondoa ile hofu inayowasukuma wateja dukani.

Mafundi nao wanaweza kuungana kuagiza kaboni, beringi na swichi za aina zinazoharibika sana kwa pamoja, badala ya kila mmoja kuagiza kifurushi chake na kumngojesha mteja wake. Spea ikishakuwa kwenye rafu ya Songea, hoja kubwa kuliko zote za kununua mpya, ile ya muda, inakosa miguu.

Na mnunuzi ana silaha isiyohitaji kusubiri kanuni yoyote. Atakayeingia dukani wiki hii aulize kabla ya kufungua pochi: kaboni na chujio za mashine hii zinapatikana wapi, na kwa bei gani? Muuzaji asipokuwa na jibu, aende duka la pili, na la tatu. Wakiulizwa na wateja wa kutosha, wauzaji watamfikishia muagizaji wa Kariakoo swali hilo, naye atalibeba hadi kiwandani.